Simama, Inuka, Kimbia: Kuisoma Fomu ya North Star

Fomu ya North Star, iliyoundwa Uingereza kwa ajili ya watoto wenye ugonjwa wa misuli wa Duchenne, ina vipengele 17, na karibu vyote ni vitendo: simama, tembea, panda, shuka, inuka, ruka, kimbia. Kila kipengele hupewa alama 2, 1 au 0. Jumla haizidi 34. Ni matini fupi, lakini mpangilio wake umebeba hoja.

Tuanze na mfuatano. Kipengele cha kwanza ni kusimama. Cha mwisho, kukimbia mita 10. Fomu inapanda, ugonjwa unashuka: mtoto asiye na distrofini, protini inayokinga seli za misuli, kwa kawaida hupoteza mbio na kuruka kwa mguu mmoja kabla hajashindwa kusimama.

Ufundi mkubwa uko katika alama 1. Mtoto anayeinuka kutoka sakafuni kwa kugeukia chini, kutanua miguu, kisha kujisukuma kwa mikono juu ya magoti na mapaja, namna aliyoieleza daktari William Gowers mwaka 1879, hapewi 2 wala 0. Ameinuka kwa njia yake, na fomu inamhesabia. Ila alama hiyo inabana: aliyegusa paja mara moja na aliyejiparamia mwili mzima wote ni 1. Ndiyo maana sekunde za kuinuka huandikwa pembeni.

Udhaifu mzito zaidi ni kwamba mtoto akiacha kutembea, fomu haina tena la kusema, ilhali mikono, moyo na misuli ya kupumua inaendelea kudhoofika.

Hapo ndipo kipimo cha mkojo kinapoingia. Vipande vya titini, protini kubwa kuliko zote mwilini, huvuja kutoka kwenye misuli inayoharibika na kupatikana kwenye mkojo, bila sindano wala mbio. Lakini jibu lake ni uwiano: titini juu, kriatinini chini. Kriatinini hutokana na misuli; misuli ikisinyaa, nayo hupungua. Hivyo uwiano unaweza kubaki juu hata titini yenyewe ikishuka. Namba hiyo inasema misuli inaumia. Haisemi mtoto bado anaweza nini.

Kwa mama wa Lugoba, zaidi ya kilomita 100 kutoka Dar es Salaam, tofauti kati ya vipimo hivi viwili ni kubwa. Mchoro wa uzito kliniki unaweza kupanda vizuri, vigimbi vikaonekana vimenenepa, kumbe nafasi ya misuli inachukuliwa na mafuta. Maabara ya titini iko mbali, sakafu ipo. Muuguzi akimwambia mtoto wa miaka minne alale chali sakafuni kisha ainuke, akatazama mikono inakwenda wapi, atakuwa ameshasoma kipengele chenye maana kuliko vyote katika fomu hiyo, na atakuwa na sababu ya kumwandikia rufaa ya kupimwa damu leo, wala si miaka miwili ijayo.