Gugu Likifa, Oksijeni Huenda Wapi?
Mwishoni mwa miaka ya 1970, gugumaji lilikuwa limefunika zaidi ya nusu ya bwawa la Hartbeespoort, karibu na Pretoria, Afrika Kusini. Ndege zikalinyunyizia terbutrini, kiuagugu kinachouzuia mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Gugu likafa.

Wavuvi wakisikia habari ya dawa majini, huhofia samaki watakufa kwa sumu. Hofu hiyo ina msingi. Kati ya dawa hizo, salfeti ya shaba ni hatari hasa katika maji yenye chokaa kidogo, na baadhi ya glaifosati za shambani huwa na kinatishi cha kuishikiza dawa kwenye majani ambacho huwadhuru samaki kuliko glaifosati yenyewe. Lakini mara nyingi kinachowamaliza samaki ni uozo. Gugu lililokufa huzama, bakteria wakalila, na kadiri wanavyolila ndivyo wanavyomaliza oksijeni iliyoyeyuka majini. Maji ya joto yana akiba ndogo tangu mwanzo: kwenye nyuzi 30 hubeba takriban miligramu 7.5 tu kwa lita. Usiku mimea haitoi oksijeni, na kila kiumbe kinaitumia. Ndiyo maana samaki huonekana wakitwetea juu ya maji alfajiri. Sangara huelemewa mapema, sato huvumilia zaidi, na kambale huokolewa na uwezo wake wa kuvuta hewa.

Kwa hiyo hunyunyizwa theluthi moja ya maji, kisha husubiriwa wiki mbili hivi kabla ya kuendelea, ili samaki wapate pa kukimbilia. Utaratibu huu ni wa lazima, ila haukigusi kinacholilisha gugu. Mito ya Jukskei na Crocodile ilikuwa ikiingiza Hartbeespoort maji kutoka mitambo ya maji taka ya Johannesburg, yamejaa fosfeti na naitrojeni. Gugu lilipoondoka, mwanga ukapenya, na virutubisho vile vikaunufaisha mwani wa Microcystis, ambao hutoa sumu inayoharibu ini. Baadaye gugu nalo likarudi, kwa kuwa mbegu zake hukaa topeni miaka mingi zikiwa hai.

Katika Ziwa Victoria, miaka ya 1990, Uganda, Kenya na Tanzania hazikutegemea dawa, bali ziliachia mbawakavu wa Neochetina walitafune gugu hilohilo. Naona zilichagua vyema, ingawa ziwa bado linapokea maji taka ya miji yetu. Halmashauri inayofikiria kunyunyiza leo ipime kwanza oksijeni alfajiri, na fedha ya dawa itanguliwe na fedha ya kusafisha maji taka.