Namna ya Kuyatambua Mafuta Mazuri ya Argani

Anayetaka kuyajua mafuta ya argani aanze na pua. Rangi hudanganya, na chupa hudanganya zaidi. Tia matone machache kiganjani, sugua mpaka yapate joto, kisha nusa. Yale ya kula yanukie kama korosho zilizotoka motoni sasa hivi: harufu tamu, iliyokolea, isiyo na ukali wa kuungua. Yale ya kupaka mwilini hayana harufu hiyo kwa sababu viini vyake havikukaangwa. Hunukia kidogo, kisha harufu hupotea ngozi inapoyanywa. Lakini yasiyonuka hata chembe yatilie shaka. Huenda yamesafishwa kiwandani mpaka yakapoteza na faida yake.

Kila harufu mbaya ina mahali ilipoanzia, na mahali penyewe ni kusini-magharibi mwa Moroko, kati ya Essaouira, Agadir, Taroudant na Tiznit. Hapo ndipo mti wa argani, wenye miiba na mizizi ya kwenda mbali, unapostahimili ukame ulioshinda miti mingine. Wenyeji ni Waamazighi, ambao vitabu vingi vinawaita Waberiberi, na katika eneo hili wanazungumza Kitashelhit. Kukamua mafuta ni kazi ya wanawake, na binti hujifunza kwa kukaa karibu na mama yake. Mwaka 2014 UNESCO iliutambua ujuzi huo kuwa urithi wa utamaduni usioshikika.

Kasoro ya kwanza huingia msituni. Matunda mazuri ni yale yaliyoiva yakaanguka yenyewe wakati wa kiangazi, yakaokotwa na kuanikwa juani. Ndiyo maana jamii hizi zina desturi ya agdal: msitu hufungwa kwa muda matunda yanapoiva, mifugo ikazuiwa, kisha hufunguliwa kwa siku inayojulikana na wote. Anayepiga matawi kwa fimbo kabla ya wakati huvuna matunda machanga na kuuharibia mti mazao ya mwaka unaofuata. Halafu wapo mbuzi, wale ambao picha zao wakiwa juu ya matawi zimezunguka dunia nzima. Mbuzi hula nyama ya tunda na kuitema kokwa anapocheua. Kuziokota kokwa hizo zizini ni kazi rahisi kuliko kumenya matunda, lakini mafuta yake hubeba harufu ya beberu ambayo hakuna ukaangaji unaoiondoa. Ukiisikia, rudisha chupa. Usikubali kuambiwa kuwa hiyo ndiyo harufu ya asili.

Baada ya hapo kokwa huvunjwa moja moja kati ya mawe mawili. Ni ngumu mno, na mpaka leo hata vyama vya ushirika vyenye mashine za kisasa huwategemea wanawake kwa hatua hii. Pigo likizidi, kiini husagika pamoja na vipande vya ganda. Ndani ya kila kokwa mna kiini kimoja, viwili au vitatu tu, na lita moja ya mafuta huhitaji takriban kilo 30 hadi 40 za matunda makavu. Kwa hiyo lita inayouzwa kwa bei ya alizeti, ni alizeti.

Kwenye kukaanga ndipo fundi hujulikana. Viini huwekwa kwenye chombo cha udongo juu ya moto mdogo na kugeuzwa bila kuachwa hata kidogo. Vikitolewa mapema, mafuta hupooza. Vikichelewa, uchungu hukaa nyuma ya ulimi na haupoi. Onja kwa kipande cha mkate mkavu, kisha subiri. Ladha ya mwanzo huwa nzuri karibu kila mara. Inayotoa hukumu ni ile inayobaki baada ya kumeza.

Viini vilivyokaangwa husagwa kwa azerg, kinu cha mawe cha kuzungushwa kwa mkono, vikatoka uji mzito wa kahawia. Mwanamke huukanda huku akinyunyiza maji ya vuguvugu kidogo kidogo, mpaka mafuta yajitenge na mashudu yagande; mashudu hayo hulishwa ng'ombe. Maji hayo yana gharama yake: unyevu unaobaki hufanya mafuta yachache mapema. Mashine za kukamua bila maji zilienea baada ya vyama vya ushirika kuanza. Cha kwanza kujulikana, Amal cha Tamanar, kilianzishwa mwaka 1996 kwa juhudi za mkemia Zoubida Charrouf wa Rabat. Mafuta ya mashine hukaa muda mrefu zaidi, na kwa mnunuzi aliye mbali na Moroko ndiyo ninayoyapendekeza. Lakini ukifika kijijini ukaonjeshwa yaliyokandwa juzi kwa mikono, yale yenye mashapo kidogo chini, utakuta uzito wa ladha ambao mashine bado haijaufikia. Mashapo hayo si uchafu.

Maabara nayo ina neno. Mafuta ya daraja la juu kabisa hayazidi asidi ya asilimia 0.8, na anayeyachanganya na alizeti au soya hukamatwa kwa kupimwa kampesteroli, kemikali ya mimea ambayo kwenye argani ni kidogo sana. Mnunuzi wa kawaida hana vipimo hivyo. Na aangalie chupa nyeusi ya kioo, jina la chama, tarehe ya kukamuliwa, na alama ya asili ya kijiografia ambayo Moroko huitoa kwa jina la Argane. Chupa angavu iliyosimama juani dukani iache hapo hapo, hata kama ilijazwa mafuta bora.

Ukishayapata, usiyakaangie chakula. Yanyunyize juu ya kuskusi iliyokwisha kuiva, au fanya amlou: lozi zilizokaangwa na kusagwa laini, zikachanganywa na mafuta haya na asali, zikaliwa kwa mkate pamoja na chai ya mnanaa. Kwa Waamazighi wa huko mafuta haya ni zawadi ya harusi pia, na hutiwa katika vyakula vya sherehe. Amlou ni kipimo kizuri cha mwisho, maana asali haifichi mafuta yaliyochacha. Ikae usiku mmoja, kisha ionje asubuhi kabla hujala kitu kingine.