Mwenye Nguvu Mpishe: Ilimu ya Siasa Katika Chuo Kikuu



Wazee wengi wa mwambao hufurahi mtoto akienda Chuo Kikuu kusomea udaktari, uhandisi au sharia. Lakini mtoto huyo huyo akisema, "Nataka kusoma siasa na uhusiano wa mataifa," nyumba huingia kimya. Mmoja husema siasa ni uwongo. Mwengine husema ni njia ya jela. Wa tatu huuliza atakula nini. Hayo yote si hoja. Ilimu haihukumiwi kwa jina lake. Hutazamwa ndani, jema lake likasifiwa na ila yake ikaonyeshwa. Na tufanye hivyo kwa insafu.

Kwanza tujue imetoka wapi. Kutafakari mambo ya utawala ni jambo la kale. Ama uhusiano wa mataifa kuwa somo lenye profesa wake Chuoni, hilo lilianza mwaka 1919 katika mji wa Aberystwyth, nchi ya Wales. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimekoma mwaka uliotangulia, na mamilioni ya watu walikuwa wameangamia. Tajiri mmoja, David Davies, pamoja na dada zake wawili, walitoa mali ili pasomeshwe namna mataifa yanavyoweza kukaa kwa amani. Basi asili ya ilimu hii ni nia njema: kujua vita hutoka wapi ili vizuiwe.

Lakini mwaka 1939 vita vya pili vikazuka, na walimu wengi wakaiona amani ile kuwa ndoto. Likapata nguvu kundi la wasemao kwamba baina ya mataifa hapana hakimu, na kwamba siasa ni kushindania nguvu. Kitabu cha Hans Morgenthau, kilichotoka Marekani mwaka 1948, kikawa mfano mkubwa wa rai hiyo. Mwenyewe hakusema kuwa wema na uovu ni mamoja. Lakini mwanafunzi mwenye haraka hushika nusu ya maneno akaacha nusu.

Mfano ulio wazi ni kisa cha Melos, ambacho husomeshwa sana katika somo hili. Mwaka 416 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, watu wa Athens walikiendea kisiwa kidogo cha Melos wakakitaka kitii. Wenyeji wakajitetea kwa haki. Wajumbe wa Athens wakawajibu kwamba haki huzungumzwa baina ya walio sawa, ama dhaifu hana ila kukubali. Melos ikakataa. Ikazingirwa, ikashindwa, wanaume wake wakauawa, na wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Khabari hii imeandikwa na Thucydides, naye ni mtu wa Athens.

Mwanafunzi akifunga kitabu hapo, hutoka na fundisho moja: mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Hapa ndipo penye ila ninayoisema. Kwani lau angefunua ukurasa unaofuata, angewakuta watu hao hao wa Athens, kwa kiburi na tamaa, wakipeleka majeshi Sicily. Mwaka 413 majeshi hayo yakaangamia, na mwaka 404 Athens yenyewe ikasalimu amri. Mwandishi hakuviweka visa viwili hivyo mbali mbali. Aliyesomeshwa kimoja bila ya cha pili amepewa sumu bila ya dawa.

Wazee wetu wamesema, "Mwenye nguvu mpishe." Tazama, msomaji, hekima ya maneno hayo. Wamesema mpishe, hawakusema msifu, wala hawakusema haki ni yake. Kujua mwenye nguvu hufanya nini ni jambo moja, na kumhalalishia ni jambo jengine. Hata Ibn Khaldun, aliyezijua baraza za wafalme na jela zao pia, alieleza katika Muqaddima yake ya mwaka 1377 jinsi asabiya inavyosimamisha dola. Lakini alieleza vile vile kwamba dhulma huibomoa jamii. Hakuficha nguvu, wala hakuiabudu.

Na kisa cha Melos si cha Wayunani peke yao. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana juu ya mipaka ya dola ya Sultani Barghash. Mwambao wake ukapimiwa upana wa maili 10, na bara wakagawana wao. Sultani hakuwa katika waliopatana. Aliletewa jambo lililokwisha kukatwa, na mwezi wa Disemba akaridhia kwa kukosa njia. Maili 10 zile zikazusha mabishano mpaka mwaka 1963, Kenya ilipopata uhuru. Asemaye kwamba wakubwa walikuwa na manowari, basi yamekwisha, amesema kweli, lakini hajamaliza. Imebaki kuuliza: ni nani katika watu wa Mombasa au Tanga aliyetakwa shauri?

Swali hilo halitaulizwa vyema ila na aliyesoma. Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933 na kufariki 2014, alikuwa mtoto wa Sheikh Al-Amin bin Ali, Kadhi Mkuu wa Kenya. Alisoma Manchester, New York na Oxford, akasomesha siasa Makerere. Wako waliokubaliana naye na wako waliompinga, lakini ilimu ile haikumfunga ulimi: aliukosoa utawala wa Idi Amin, na mwaka 1973 akaihama Uganda.

Basi ewe mzazi, usimzuie mwanao kwa khofu ya jina. Nyumba zetu zikiikimbia ilimu hii, mikataba itaandikwa na wengine, nasi tutasomewa. Lakini akirudi likizo usimuulize maksi tu. Muulize: katika kisa ulichosoma, nani alikuwa na nguvu? Akishajibu, muulize: na nani alikuwa na haki? Akiweza la kwanza tu, mwambie arudi akamalize kitabu.