Amani Isiyo na Mshtakiwa: Haki na Usimulizi katika Riwaya ya Mia Couto

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji, vilivyoanza mwaka wa 1977 na kuangamiza watu wapatao milioni moja, vilikomeshwa kwa mkataba uliotiwa sahihi na Joaquim Chissano na Afonso Dhlakama mjini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Siku chache baadaye ikapitishwa sheria ya msamaha. Hapakuundwa tume ya ukweli. Hatua hiyo ina watetezi wake, nao wana hoja: wapiganaji wengi waliweka silaha chini na uchaguzi wa 1994 ukafanyika. Lakini fasihi haifungwi na sheria ya msamaha. Makala haya yanachunguza jinsi Mia Couto, katika riwaya yake O Último Voo do Flamingo (2000), anavyolikabili swali ambalo mkataba uliliacha: ni nani atakayejibu? Tunaonelea kuwa analiuliza kwa ujasiri mkubwa, kisha mwishoni analikwepa.

Tuko katika mji wa kubuni wa Tizangara, mara baada ya vita. Askari wa Umoja wa Mataifa waliokuja kulinda amani wanalipuka mmoja baada ya mwingine, na kinachookotwa barabarani ni uume tu. (Wanafunzi huicheka sura ya kwanza na kuidhania utani mchafu. Ni kosa: kiungo kile ndicho ushahidi wa pekee, na anayeitwa kukitambua ni kahaba, Ana Deusqueira.) Massimo Risi, Mwitaliano, anatumwa kuchunguza na kuandika ripoti. Anapewa mkalimani, ambaye ndiye msimulizi wetu.

Hapa ndipo ulipo uzito wa kifani wa riwaya hii. Risi anakifahamu Kireno, maneno anayasikia. Asichokielewa ni ulimwengu unaoyazaa maneno hayo. Anarekodi ushahidi, naye Couto anatupangia sauti hizo bila kuzipatanisha: barua za msimamizi wa mji, Estêvão Jonas, kwa mkuu wake, kauli za Ana, maelezo ya mganga Zeca Andorinho, anayeihusisha milipuko na dawa za wanaume wenye wivu, na kejeli za mzee Sulplício, babake msimulizi. Ripoti inataka sababu moja, ilhali mji una sababu nyingi, na baadhi yake zinasemwa ili nyingine zisisikike.

Mojawapo ya sababu hizo ni nzito kupita zote. Mabomu yaliyokwisha kuteguliwa yanategwa upya ili fedha za wafadhili za kuyategua zisikome. Jonas, aliyewahi kuwa mpiganaji wa ukombozi, ameigeuza amani kuwa mtaji. Mhusika huyu hakuchorwa kama shetani, na hilo ndilo linalotisha. Barua zake ni za mtumishi anayejihurumia.

Basi ni vipi riwaya inavyomalizika? Nchi nzima inatoweka shimoni. Wahenga wameichukua. Risi anaikunja karatasi ya ripoti yake iwe ndege na kumrusha katika utupu huo. Ni taswira ya kupendeza, nasi hatuikatai kwa sababu ya mazingaombwe yake. Msomaji wa Kezilahabi hawezi kushtushwa na mazingaombwe. Tunalolikataa ni kwamba nchi ikizama yote, Jonas anazama pamoja na aliowaua. Kosa linakuwa la taifa zima, yaani si la mtu yeyote. Uhalisia wa kimazingaombwe umefanya kazi ileile iliyofanywa na sheria ya 1992.

Si lazima wahenga wafanye hivyo. Katika Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, babu hafufuki kwa ajili ya nchi; anamfuata mjukuu mmoja, K, mwenye cheo, na kumtembeza penye mambo asiyotaka kuyaona. Na huko Gorongosa, katikati mwa Msumbiji yenyewe, mtafiti Victor Igreja ameeleza kuhusu pepo waitwao gamba, mizimu ya askari waliouawa, wanaowapanda walio hai na kudai kosa likiriwe na lilipwe. Gamba haidai kwa taifa. Inakuja kwa ukoo fulani, kwa tendo fulani. Wanavijiji walionyimwa mahakama walikuwa na utaratibu mkali kuliko wa mwandishi wao.

Atakayemtetea Couto atatuambia turudi kwenye ukurasa wa mwanzo, na tunakiri kwamba hapo ana nguvu. Kabla ya hadithi kuanza, mkalimani anajitambulisha kuwa ndiye aliyeyaandika maneno ya mashahidi. Anasema alishtakiwa kwa uongo na kwa kupotosha ushahidi wa mauaji, akatiwa hatiani. Waliotega mabomu hawakufikishwa popote. Aliyehukumiwa ni yule aliyefasiri.