Mnada umehamia kwenye skrini, mkulima je?

Kama uliwahi kuhudhuria mnada wa ufuta au korosho Lindi miaka ya nyuma, unalikumbuka lile sanduku. Wanunuzi wanaandika bei kwenye karatasi, wanatumbukiza, kisha linafunguliwa mbele ya wakulima na bei zinasomwa moja moja. Asiyeridhika anapaza sauti palepale: hatuuzi!

Tangu 2024 kazi hiyo imehamia kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX. Mnunuzi anaweka bei akiwa Dar es Salaam, matokeo yanaonekana kwenye skrini, na wakulima bado wanaulizwa kama wanaikubali. Chama Kikuu cha Lindi Mwambao, chenye AMCOS za mpaka Kilwa, kinauza hivyo. Kwa upande wa bei, mimi nausifu. Karatasi huchomoleka, na wanunuzi waliokaa banda moja hunong'onezana kirahisi kuliko waliotawanyika mikoani.

Tatizo liko kwingine. Mwaka 1968 Melvin Conway, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliandika kwamba taasisi huunda mifumo inayofanana na namna watu wake wanavyowasiliana. Sasa jiulize, ushirika wetu unawasilianaje? AMCOS inapeleka taarifa chama kikuu, chama kikuu kinaongea na mnunuzi. Mfumo umeifuata njia hiyohiyo, kwa uaminifu kabisa. Mkulima hakuwa kwenye mnyororo huo tangu mwanzo. Sauti yake ilikuwa pale mnadani tu.

Mnada wa mwisho niliokwenda, mtandao ulisuasua tukakaa chini ya mkorosho kusubiri. Skrini ilipowaka ikaonyesha ghala, tani na bei. Mama mdogo akanigeukia: "Mwanangu, kilo zangu mimi ziko wapi hapo?" Sikuwa na jibu. Kilo zake ziko kwenye daftari la katibu, na kwenye stakabadhi aliyoifunga kwenye pindo la kanga. Mizani ikikosewa kule kijijini, kosa linaingia kwenye kompyuta likiwa limevaa suti.

Dawa yake wala si ngumu. Ukituma pesa kwa simu, hata ya kitochi, ujumbe unakuja kabla hujaiweka mfukoni. Basi mkulima naye apate wake akiwa bado amesimama mbele ya mizani: kilo ngapi, ghala gani. Baada ya mnada aje wa pili: bei, na kila makato kwa jina lake. Ukitofautiana na daftari, abishane na katibu siku hiyohiyo, gunia likiwa bado linaonekana.