Kupima Ubora wa Sanaa ya Sauti Katika Miundombinu Iliyofichika

Sanaa ya sauti ya hadhara, yaani kazi ambayo msanii huiweka mahali pa watu wote ili isikilizwe, hufikia ubora wake wa juu pale sauti inapotokana na umbile la mahali penyewe, na hushuka hadhi pale spika zinapofukiwa shimoni ili kutoa muziki ambao ungeweza kupigwa popote. Kielelezo chake bora ni Times Square ya Max Neuhaus, iliyowekwa mwaka 1977 jijini New York, chini ya wavu wa chuma wa kupitishia hewa ya reli ya chini ya ardhi. Neuhaus alitunga sauti zinazooana na chumba kilicho chini ya wavu huo, hata mpita njia husikia mlio mzito kama wa kengele kubwa inayoelekea kunyamaza, bila kibao chochote cha kumwelekeza.

Linalopaswa kupimwa kwanza ni mvumo, yaani tabia ya uwazi kukuza baadhi ya sauti na kuzimeza nyingine kulingana na ukubwa wake. Msikilizaji wa Litapunga, mkoani Katavi, anaweza kulinoa sikio lake kwenye kalavati lolote la barabara wakati wa kiangazi, likiwa kavu: akisimama mdomoni mwake na kuguna kwa sauti nzito, kisha akaipandisha taratibu, atafika mahali ambapo kalavati litaitikia na sauti itakua kuliko nguvu aliyoitoa. Kalavati la mita 10 lililo wazi pande zote mbili lina mlio wa msingi wa takribani mitetemo 17 kwa sekunde, ambao sikio la binadamu, linaloanza kusikia kwenye 20 hivi, haliupati. Kinachosikika ni vigawe vyake, na sauti ya mwanamume huanza kukutana navyo karibu na 85. Msanii asiyezijua namba hizi za mahali pake, au asiyezigundua kwa sikio, hubahatisha.

Harmonic Bridge ya Bill Fontana (2006), iliyonasa mitetemo ya daraja la Millennium jijini London na kuipeleka ndani ya jumba la Tate Modern, ina chanzo cha kweli, ila kwa kuihamisha sauti inamnyima msikilizaji nafasi ya kulinganisha anachosikia na anachokanyaga. Albamu Natur (2024) ya Joseph Kamaru wa Nairobi, ajulikanaye kama KMRU, haipimwi kwa kigezo cha mahali, kwa kuwa ni albamu, lakini ni shule nzuri ya sikio, kwani hutumia mawimbi ya sumakuumeme ya vifaa vya umeme, ambayo hayasikiki bila chombo cha kuyanasa.

Matunzo nayo yana uzito mkubwa. Times Square ilizimwa mwaka 1992, na Dia Art Foundation ikairejesha mwaka 2002. Kazi itakayowekwa kwenye kalavati la Katavi haina budi kuulizwa maji ya masika yatapita wapi na nani atazoa mchanga, kwa kuwa tope likipunguza uwazi, mvumo hubadilika na sauti zilizochaguliwa hazioani tena na mahali pake.