Mgeni Mwenye Jembe

Wazee wetu walituachia agizo fupi juu ya ukarimu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi hulitumia kumsuta mgeni aliyekaa mno. Mimi naliona lina upande wa pili ambao hausemwi sana. Mgeni akishapewa jembe, ugeni wake umekwisha. Huanza kuhesabiwa pamoja na wenyeji. Hula kwa haki ya jasho lake, na mavuno yakigawanywa naye ana la kusema. Huwezi kumlimisha mtu tangu alfajiri, kisha jioni ukamwambia kwamba ugali anaokula ni hisani.

Agizo hilo hunijia kila ninapotafakari hali ya wanafunzi wa shahada za juu katika vyuo vikuu vya Marekani, hasa wanaotoka kwetu. Kwa miaka mingi vijana wa Tanzania na Kenya wamekwenda huko kusomea uzamili na uzamivu, na si wachache walioyalipia masomo hayo kwa kufundisha Kiswahili. Nami nilikuwa mmoja wao. Lakini ninayoandika hapa si habari za safari. Nataka kuhakiki maandishi ambayo wahakiki wetu hawayagusi: barua ya kukubaliwa chuoni, kitabu cha mwongozo cha mwanafunzi mpya, na taarifa za baraza la wanafunzi. Hayana mwandishi anayejulikana wala hayauzwi madukani, lakini ndiyo yanayoamua mtu ataitwa nani, na akiishaitwa hivyo atadai nini.

Tuanze na barua. Yangu ilinipongeza kwa kupewa msaada, na msaada wenyewe ulikuwa wa sehemu tatu: kusamehewa ada, bima ya afya, na posho ya kila mwezi. Aya ya mwisho ndiyo iliyoeleza kwamba, ili kuustahili msaada huo, ningefundisha lugha na kusahihisha kazi za wanafunzi kwa saa 20 kwa juma. Chuo chenyewe hakina haja ya kutajwa, kwa maana barua za vyuo vingine nilizoonyeshwa na wenzangu zilikuwa zimepangwa vivyo hivyo. Hisani imetangulia mbele imevaa kanzu. Kazi imefuata nyuma imebeba mzigo. Barua ingepinduliwa, ingesomeka kama mkataba wa ajira: utafundisha, utasahihisha, na ujira wako ni huu. Mambo ni yale yale, ila katika barua ya kwanza mimi ndiye mwenye deni la shukrani, na katika ya pili chuo ndicho chenye deni la malipo.

Kitabu cha mwongozo kinaendelea hapo barua ilipoishia. Msomaji wa Kiswahili atakitambua upesi kwa sarufi yake, maana kimejaa kauli ya kutendwa. Mwanafunzi ataelekezwa, atashauriwa, atasaidiwa, atahudumiwa. Ofisi za kumhudumia zimeorodheshwa ukurasa baada ya ukurasa: ofisi ya nyumba, ya wageni wa kimataifa, ya ushauri nasaha, ya uandishi wa tasnifu. Sizibezi huduma hizo. Mtu aliyetoka Iringa akatua katika theluji ya Januari anazihitaji, na watumishi wengi niliokutana nao katika ofisi hizo walikuwa watu wema. Nakosoa jambo moja tu: katika kurasa zote hizo hakuna mahali ambapo mwanafunzi huyo anatenda. Hafundishi, hasahihishi, hatungi mitihani. Darasani vijana wa shahada ya kwanza waliniita Mwalimu, kwa Kiswahili, kwa heshima kabisa. Nikivuka uwanja kwenda ofisini, Mwalimu hayupo; yupo mpokeaji wa huduma mwenye namba.

Sheria za uhamiaji nazo zina neno hapa. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya kawaida ya masomo, iitwayo F-1, huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa juma wakati wa muhula. Kazi ya nje ya chuo hutaka kibali maalumu. Mke au mume aliyefuatana naye kwa viza ya F-2 haruhusiwi kuajiriwa. Maana yake, ndugu msomaji, ni kwamba mgeni huyu amepewa jembe la kulimia shamba moja tu. Posho isipotosha hawezi kwenda kuosha vyombo hotelini Jumamosi, kama awezavyo mwenzake Mmarekani. Zile saa 20, nazo, hutimia katika karatasi tu. Lundo la insha za wanafunzi 40 halijui saa.

Mimi nilifika mwezi wa Agosti, na malipo yangu ya kwanza yalitoka mwisho wa Septemba. Katika juma la kutukaribisha, baraza la wanafunzi wa shahada za juu lilinipa kikombe chenye nembo ya chuo na karatasi inayoeleza namna ya kuomba mkopo mdogo wa dharura. Kodi ya chumba nilikopeshwa na Mkenya mmoja aliyekuwa na mwaka wa tatu pale. Nilipouliza barazani kwa nini malipo yasitangulizwe kwa watu ambao kila mtu anajua watafika mikono mitupu, nilijibiwa kwa upole kwamba hilo si suala la baraza. Baraza linashughulikia huduma.

Jibu hilo lilikuwa la kweli, na ukweli wake ndio unaonisumbua. Mabaraza hayo huendeshwa kwa michango ambayo wanafunzi hutozwa. Hugawa fedha za nauli za kwenda kwenye makongamano, huandaa tafrija, husimamia wajumbe wachache katika kamati za chuo. Tazama kwa mfano maghala ya chakula cha bure. Mwaka 1993, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, lilianzishwa ghala la namna hiyo linaloendeshwa na wanafunzi kwa ajili ya wanafunzi wenzao. Mwaka 2012 chuo hicho na Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon viliunda umoja wa maghala hayo, na umoja ukaja kuwa na mamia ya vyuo. Anayempa mwenye njaa maharage na mchele hastahili lawama, bali shukrani. Lakini baadhi ya watu waliopanga foleni hapo ni walimu wa chuo kile kile. Mtu anayefundisha asubuhi na kuomba unga jioni si mhitaji wa huduma mpya. Ni mtu ambaye ujira wake haukutosha, na baraza likiishia kumpa unga litakuwa limemsaidia mwajiri kuficha upungufu wake.

Yapo majibu ya upande wa pili, na ni haki yasikilizwe. Vyuo vimedai kwa muda mrefu kwamba kufundisha ni sehemu ya masomo, na kwamba uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi utaharibika ukigeuzwa kuwa wa tajiri na kibarua. Nakiri kwamba dai hilo lina ukweli ndani yake. Nilikulia katika Kiswahili, lakini ngeli zake nilizitambua siku kijana wa Kimarekani aliponiuliza kwa nini kifaru hubeba ki- kama kitabu, na bado tunasema kifaru amekufa, si kimekufa. Nilirudi chumbani nikasoma hadi usiku wa manane. Kufundisha kulinifundisha. Ila hata mwanagenzi katika karakana ya seremala hujifunza kila siku, na hakuna seremala mwungwana atakayeuza kitanda kilichopigwa randa na mwanagenzi wake, kisha amnyime fungu kwa kuwa amejifunza kupiga randa. Kujifunza hakufuti kazi.

Wamarekani wenyewe wameshindwa kukubaliana juu ya neno hili moja. Kwa vyuo vya binafsi, mwamuzi ni Bodi ya Taifa ya Uhusiano wa Kazi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1935. Mwaka 2000, katika shauri la Chuo Kikuu cha New York, bodi ilisema wasaidizi wa kufundisha ni wafanyakazi. Mwaka 2004, katika shauri la Chuo Kikuu cha Brown, ikasema la, hao kimsingi ni wanafunzi. Mwaka 2016, katika shauri la Chuo Kikuu cha Columbia, ikarudi kusema ni wafanyakazi. Katika miaka hiyo 16 chaki ilikuwa ile ile, ubao ule ule, na madaftari yale yale ya kusahihisha. Wajumbe wa bodi huteuliwa na rais aliye madarakani, na jina la msaidizi likawa linafuata upepo wa uteuzi huo.

Vyuo vya umma hufuata sheria za majimbo, na huko historia ni ndefu zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, wasaidizi wa kufundisha waliunda chama chao mwaka 1966, wakagoma mwaka 1970, na mwaka huo wakapata mkataba unaotajwa kuwa wa kwanza wa aina yake nchini humo. Mikataba ya namna hii nayo imejaa kauli ya kutendwa: msaidizi atalipwa, atapewa likizo, hataachishwa bila sababu. Lakini ipo tofauti na kitabu cha mwongozo. Nyuma ya kila kitenzi yupo anayeweza kudaiwa, na ipo njia ya kumdai. Huduma ikikosekana utaambiwa bajeti ya mwaka huu imekwisha. Haki ikikosekana unamwita mtu mezani.

Nisidanganye kwamba mkataba ni dawa ya kila ugonjwa. Wisconsin hiyo hiyo, mwaka 2011, ilipitisha sheria iliyowanyang'anya watumishi wa umma sehemu kubwa ya uwezo wa kujadiliana na mwajiri, ijapokuwa wasaidizi hao walikuwa mstari wa mbele katika umati uliojaza jengo la bunge la jimbo kupinga. Wala mgomo hauna uzito sawa kwa wote. Katika Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz, kuanzia Desemba 2019, wasaidizi walizuia alama za wanafunzi wakidai nyongeza ya dola 1,412 kwa mwezi kwa sababu ya kodi za nyumba. Mwanzoni mwa 2020 makumi yao waliondolewa kazini, na baadaye mwaka huo wengine walirudishwa. Mmarekani aliyeondolewa alipoteza posho. Mgeni alihofia kupoteza pamoja nayo msamaha wa ada, na bila ada hakuna masomo, na bila masomo hakuna viza. Viongozi wa migomo wanapohubiri umoja, wakumbuke kwamba jembe la mgeni limefungwa kamba mguuni mwake.

Hata hivyo matokeo yameonekana. Novemba 2022 wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California, wasaidizi wakiwa miongoni mwao, waligoma kwa karibu majuma sita. Kima cha chini cha wasaidizi wa kufundisha kilipandishwa kutoka takriban dola 23,000 kwa mwaka hadi takriban dola 34,000 ifikapo mwaka 2024. Hakuna baraza la wanafunzi lililowahi kuleta nyongeza hiyo kwa vikombe.

Lakini mabaraza nayo yameonyesha yanachoweza yakitaka. Mwaka 2017 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha muswada wa kodi ambao ungehesabu ada aliyosamehewa mwanafunzi kuwa ni mapato yake, akatwe kodi ya fedha ambazo hajawahi kuzishika. Mabaraza na vyama vya wafanyakazi vilipiga kelele pamoja, wanafunzi wakatoka madarasani mwezi wa Novemba, na kifungu hicho hakikuonekana katika sheria ya mwisho. Siku hizo chache baraza halikuuliza kama suala hilo ni la huduma.

Sisi wa upande huu hatuna sababu ya kucheka. Pale Dar es Salaam, Machi 1978, wanafunzi waliandamana kupinga marupurupu ya mawaziri na wabunge. Wengi walifukuzwa, chama chao, DUSO, kikapigwa marufuku, na badala yake ikawekwa MUWATA chini ya chama tawala. Kwetu serikali ya wanafunzi ilizibwa mdomo kwa amri. Kule hakuna aliyepiga marufuku, ila baraza limepewa shughuli ndogo ndogo nyingi hata halina wakati wa kufungua mdomo. Sijui ni ipi iliyo mbaya zaidi, maana ya kwanza angalau mtu huiona. Na tuseme pia lililo jema kwetu: kijana anayebakizwa idarani baada ya shahada ya kwanza huajiriwa kwa ngazi ya chini ya ualimu, na akienda kusoma zaidi huhesabiwa mtumishi aliye masomoni. Jina lake linajulikana. Tusilibadilishe kwa kuiga.

Kijana anayejiandaa kwenda huko asiogope, aende. Maktaba zao zina vitabu vya Kiswahili ambavyo sisi wenyewe tumevipoteza, na walimu wao wengi ni wakarimu. Lakini aisome barua yake kuanzia aya ya mwisho kwenda juu. Aulize malipo ya kwanza yatatoka tarehe ngapi, kuna chama cha wafanyakazi au hakuna, na saa zikizidi 20 amwendee nani. Akijibiwa kwamba kuna ofisi ya kumhudumia, ashukuru, kisha aulize tena.